Kilimia Nyuma ya Taa za Senene

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na nimewachosha wanafunzi wangu wa Bukoba kwa habari za giza: kwamba taa inayomulika juu inatuibia nyota, kwamba taa ya nje iinamishwe. Kwangu Kitendaguro, balbu ya barazani nimeivalisha kopo la rangi, na majirani wamenicheka mpaka wamechoka. Kwa hiyo mama alipopasuliwa mtoto wa jicho, akasema kitu anachotamani kukiona ni Kilimia, nilirukaruka. Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana alichokuwa akikitazama kila mwaka! Hakuwa amekiona tangu macho yaanze kuingia ukungu.

Nikajipanga. Nikachagua usiku wa Novemba usio na mwezi, mvua ikiwa imekatika, nikampeleka nyumbani kwake Buganguzi huku nikijipongeza njia nzima. Sasa, Mhaya gani anasahau Novemba ni msimu wa nini? Mimi. Usiku mweusi niliouchagua ndio huohuo wanaoutafuta wategaji wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, maana gizani ndipo wanapofuata taa.

Saa mbili tukatoka uani. Ng'ambo ya migomba, kwa jirani, mabati yalikuwa yamesimamishwa juu ya mapipa, taa kali zinawaka, jenereta linanguruma, senene wanajigonga kwenye mabati na kutumbukia. Anga lote lilikuwa jeupe kama maji ya majivu. Mama akainua uso upande wa ziwa, akatazama sana. Kisha akauinamisha.

"Mwana wange," akaniambia taratibu, "usimlaumu daktari. Amejitahidi."

"Mama, ni taa hizo! Jicho lako ni zima!"

"Ego," akajibu, kama mtu anayemkubalia mlevi, akageuka kurudi ndani.

Hapo hasira na hofu vilinishika pamoja. Namjua mama: akishaamini jambo, ameamini. Angelala akijua jicho limeshindikana, na asubuhi chupa ya dawa ya matone ingekuwa jalalani. Nikakata katikati ya migomba mbio.

Jirani yetu, tuliyekua naye, alikuwa anafunga gunia la kwanza.

"Zima taa," nikamwambia nikihema. "Robo saa tu."

"Mwalimu, una wazimu? Ndiyo kwanza wanashuka!"

Nikamweleza ya mama. Akakuna kichwa, akayaangalia mapipa yake, akaniangalia mimi. Nikaona kumwomba tu hakutoshi.

"Nitakunyonyolea hilo gunia lote," nikasema.

"Nani? Wewe?"

Alicheka mpaka akashika bati. Buganguzi nzima inajua kwamba tangu utotoni, ikifika kazi ya kunyonyoa senene mabawa na miguu, mimi huumwa tumbo ghafla.

"Kwa mikono yako mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu, bila msaidizi."

"Hilo lazima nilione," akasema, akazima jenereta.

Lo! Giza lilishuka kwa mkupuo. Nikakimbia nikipiga kelele, "Mama, usilale! Toka nje!" Nikajikwaa kwenye kisiki cha mgomba, nikaanguka, na nilipogeuka chali zilikuwa pale, nyota juu ya nyota, mpaka nikacheka peke yangu ardhini. Miaka yote nafundisha habari zake, na bado zilinishtua!

Nilipofika uani, na jirani nyuma yangu, mama alikuwa ameshafungua mlango. Akashuka kizingiti bila kushika mkono wa mtu, akaenda mpaka katikati ya ua. Kidole chake kikapanda juu ya ziwa, kikatulia, kikaanza kuhesabu kwa Kihaya, polepole, nyota moja baada ya nyingine.

"Ziko sita," akasema. Akahesabu tena. "Sita! Zote zipo!"

Nikapiga makofi huku machozi yakinitoka. Jirani alikuwa amekodoa macho huko huko.

"Waitu, mama, mimi naona kama kawingu kadogo tu," akasema.

"Na wewe, mwalimu?" mama akaniuliza.

Nilijifuta macho, nikajaribu, machozi yakanirudia. "Hata mimi kawingu," nikakiri.

Akatutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa huruma kabisa.

"Basi kesho twende kwa daktari wangu," akasema. "Nitawaonyesha njia."