Kibao cha Kando ya Barabara

Harufu ya rangi mbichi ndiyo ninayoikumbuka kwanza, kisha sauti ya nyundo. Nilikuwa darasa la tatu, na baba alikuwa akipigilia kibao kwenye nguzo, pembeni mwa mahindi yetu kando ya barabara ya Rangwe. Mvua ilikuwa imetukatalia misimu miwili, naye akauza maksai wake wa kulimia ili anunue injini ya kinu cha kusaga unga. Kuta za chumba cha kinu zilikwisha kufika usawa wa madirisha afisa wa kaunti alipokuja kumweleza kwamba shamba lile ni la kulima, si la biashara, mpaka apewe kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi. Tangazo lisimame wiki mbili, mwenye pingamizi ajitokeze. Bila hivyo kuta zitabomolewa. Baba alilinakili tangazo lile kwenye kibao kwa Kiingereza nisichokielewa, polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Hakutueleza sisi watoto lilisema nini.

Kwetu, siku zile, kibao kilisimama shambani pakiwa na ugomvi au mnada. Sikujua maana nyingine. Kesho yake shuleni Akinyi, mtoto wa jirani, alinitangaza mbele ya darasa zima: "Kwenu shamba imeuzwa! Si tumeona kibao? Sasa mtahamia wapi?" Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Asubuhi iliyofuata, nikienda kuteka maji, nilikibandua kile kibao, nikakivunja kwa jiwe na kukichochea chini ya sufuria ya uji. Rangi ilitoa moshi mweusi uliotutoa machozi. Nilijiona shujaa, nimeokoa shamba letu, na nikanywa vikombe viwili.

Baba alipoiona nguzo tupu hakuniuliza. Nani humuuliza mtoto habari za ardhi? Alitazama tu upande wa juu, kwa baba mkubwa, kaka yake, aliyekuwa bado anaishi katika nyumba ya udongo. Kwa desturi yetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na kuta zile za baba zilikuwa za kwanza za matofali katika ukoo wote. Akaamini kwamba kaka yake amemkataza kwa mkono badala ya mdomo.

"Si uende umuulize tu?" mama alimsihi.

"Ashasema," baba alijibu. "Mimi siwezi kushindana na yeye."

Nilikuwa pale mlangoni, nimesikia kila neno. Niliogopa fimbo, nikanyamaza. Angeweza kupigilia kibao kingine siku ileile, lakini hakupigilia, na wiki mbili zikapita. Trekta la kaunti lilikuja, likaziangusha kuta kabla ya saa ya chakula cha mchana. Injini ikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Baba akaenda Osiri kupasua mawe ya dhahabu, miaka na miaka katika vumbi. Baba mkubwa alikuja mara mbili kumjulia hali, na mara zote mbili baba alitoka kwa mlango wa nyuma asionane naye. Kaka yake alipofariki, baba alisimama mbali na kaburi, hakutia hata konzi moja ya udongo.

Leo barabara ile imejaa vibao vya namna ile. Huyu anafungua kituo cha kuoshea magari, yule anajenga nyumba za wageni penye mtama, na watoto wanapita bila kushtuka. Mimi huvisoma vyote mpaka mwisho. Baba ninaishi naye hapa Homa Bay. Mapafu yake yameliwa na vumbi, hata kufika uani hupumzika mara mbili. Mwezi uliopita nilimwambia yote, nikilia kama mtoto. Hakunikaripia.

"Nyathina, mwanangu," akasema akihema, "ndugu yangu alijua ni wewe?"

"Hapana, baba."

"Basi alikufa akijiuliza alinikosea nini."