Matembezi Ambayo Hakuna Aliyetaka Kutangulia

Juzi, Jumamosi asubuhi, nilipita Eldoret nikakuta kando ya mto Sosiani kumewekwa mahema na spika, na watu wamevaa fulana za rangi moja. Walikuwa wanasherehekea bustani za mji na njia za matembezi. Watoto walijaa kwenye bembea, mama mmoja alichoma mahindi, na kijana mwenye kipaza sauti alihimiza watu waanze kutembea. Akaniona nimesimama pembeni. "Madam, ingia mbele, tunaanza," akaniambia. Nikamwambia waende tu, nitafuata. Nilikaa pale mpaka mtu wa mwisho akapita. Usinicheke, mwenzangu. Hata kwenye foleni ya benki huwa natafuta ukuta wa kuegemeza mgongo.

Njia hiyo niliijua kabla haijawekwa kabro, yale matofali ya kutandazwa chini. Ilikuwa ya udongo mwekundu, upana wa mtu mmoja, kutoka mtaani kwetu hadi darajani. Tulipitia huko kwenda shule na kanisani, na kuchuma mboga ya managu kando ya maji. Jioni ilinukia moshi wa kuni na majani ya mikaratusi. Mama alikuwa amekuja kutoka Kisii akiwa msichana, kushona sare za shule. Rafiki yake mkubwa alikuwa jirani yetu, mwanamke mwenyeji wa pale, aliyetuzoesha kunywa mursik, yale maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu. Walipita njia ile mmoja mbele, mwingine nyuma, wakiongea kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, na hakuna aliyejali nani ametangulia.

Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na watu kama sisi, wenye asili ya kwingine, tukaambiwa turudi kwetu. Asubuhi moja tulitoka mbio kwa njia hiyohiyo, mama amembeba mdogo wangu, mimi nimeshika sketi yake. Nilipogeuka nilimwona jirani nyuma yetu na panga mkononi, lile la kukatia ng'ombe majani. Hakutuita. Tukienda haraka naye anaenda haraka, tukipunguza anapunguza. Tulipofika darajani alisimama, akatutazama tukivuka kuelekea kituo cha polisi, kisha akarudi. Kama alikuwa anatusindikiza au anatufukuza, hatukujua. Mama alilala na swali hilo muda wote tuliokaa kwenye hema za kambi, na mimi nililala nalo kando yake.

Tulirudi kwa sababu kazi ya mama ilikuwa Eldoret. Nyumba ilikuwa bado imesimama, bila mlango. Jirani akaja na kibuyu cha mursik. Mama akapokea, akashukuru vizuri, akaenda kuyamwaga nyuma ya choo. Nililia, maana nilikuwa nimeyatamani kambini siku zote.

Ndipo chifu na makanisa wakaamua tufanye sherehe. Watu wote wafyeke njia ya mto, iliyokuwa imemezwa na vichaka kwa kukosa wapitaji, wapande miti kwenye uwanja wa watoto, kisha watembee pamoja hadi darajani. Mama alikunja uso.

"Tutaenda tuone," alisema. "Nikiona kitu hainipendezi, Jumatatu tunabeba vitu. Siwezi kaa mahali nitakuwa nageuka-geuka."

Mimi nilizaliwa Eldoret. Kisii nilikuwa naijua kwa Krismasi tu, na sikutaka kuijua zaidi ya hapo. Niliomba siku hiyo ipite salama.

Hebu wazia sherehe ambayo kila familia imekuja na chupa yake ya chai. Sufuria ya kanisa ilikuwa imejaa, imetiwa tangawizi, na mandazi yako kwenye beseni. Lakini watu walisubiri chifu anywe kwanza, na alipokunywa wakasubiri tena kidogo. Kazi ilienda vizuri, ila kila mtu alifyeka akiwa ameelekea wenzake. Tulipomaliza, mchungaji alikusanya mapanga yote akayafungia kwenye stoo ya kanisa. Ufunguo akautia mfukoni, na kila baada ya muda aliupapasa kuhakikisha bado upo.

Kisha chifu akasema twende, na hakuna aliyeenda. Njia ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, na hakuna aliyetaka kumpa mwenzake mgongo. Ghafla kila mtu akawa na shida ya kiatu. Huyu anafunga kamba, yule anatoa kijiwe, na mwalimu wetu, ambaye viatu vyake havikuwa na kamba hata moja, aliinama akashughulika huko chini muda mrefu. Chifu alikuwa ameshaanza kutembea. Aligeuka akajikuta peke yake, na nilimwona hata yeye akirudi nyuma.

Mbele yangu mama na jirani walikuwa wamesimama wakitazamana.

"Mama, tangulia," jirani alisema.

"Wewe enda tu. Mimi kiatu inanisumbua."

"Hata yangu."

Wakainama wote wawili, kila mmoja akashika kiatu chake. Kisha jirani akasema kwa sauti ya chini, "Ile siku nilikaa nyuma yenu ndio wale walikuwa wanawafukuza wasiwapate."

Mama alimtazama mikono, halafu uso. "Sawa," akasema. Niliijua sawa hiyo. Ndiyo aliyokuwa akimpa fundi anayeahidi kumaliza kazi kesho.

Lakini aliingia njiani, na jirani akaingia naye wakati huohuo. Walitembea bega kwa bega kwenye njia ya mtu mmoja, kila mmoja mguu wake wa nje uko kwenye majani, sketi zao zikijaa mbegu za kishona-nguo. Watu wakaona inawezekana, wakafuata wawili wawili. Jumatatu hatukubeba vitu. Nilifurahi mpaka nikanywa chai ya kanisa iliyobaki, imepoa.

Miaka iliyofuata walipita hivyo kila siku. Watu waliwasifu kwa urafiki wao, eti hawaachani hata hatua moja. Mimi nilijua ni masharti. Miguu yao ilichora mistari miwili kwenye udongo, mmoja wa mama, mwingine wa jirani, nami nilikua nikitembea katikati, kwenye kiukanda cha nyasi kilichobaki. Siku hizi kabro imefunika yote hayo, na ninayakumbuka kwa hamu kuliko nilivyotegemea.

Kabla kabro haijaja, mama alizeeka akaamua mwenyewe kurudi Kisii. Asubuhi ya kuondoka, jirani alikuja kumsindikiza, amejitwika begi la mama. Tulipofika mwanzo wa njia nilingoja waingie pamoja kama kawaida. Mama akapita mbele. Alienda polepole na fimbo yake, akiongea kwa sauti kubwa kama zamani, na hakugeuka hata mara moja mpaka darajani. Jirani alimfuata akicheka. Walichokuwa wanacheka sikijui. Mimi nilikuwa nyuma yao, na njia nzima niliangalia mikono ya jirani.