Mtani Hana Ruhusa ya Kulia

Juzi mchungaji wetu, kijana mzuri tu, mwenye heshima zake, alitusimamisha wazee mmoja mmoja tuwaeleze vijana jinsi tulivyoupata wito wetu. Mmoja akasema yeye aliitwa kufundisha, mwingine akasema kushona. Zamu yangu ilipofika nikamwambia magoti yananiuma, nikakaa zangu. Ningesema nini? Nisimame mbele ya madhabahu niwaambie watoto wa watu kwamba mimi wito wangu ulikuwa kuwatukana maiti?

Lakini ndiyo hiyo. Ndiyo kazi iliyonimaliza, tangu enzi za Mwingereza hadi nimeota mvi. Nilikuwa mtani wa misibani, na nimechoka jamani, nimechoka mpaka mifupa.

Vijana wa leo wanadhani utani ni kuchekeshana tu sokoni. Kwetu msiba ukitokea, wafiwa hukaa chini wakalia, na kazi zote hushikwa na watani: kuchimba kaburi, kuchota maji, kupika. Na mtani ana ruhusa ambayo hata chifu hana. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anamtukana pale pale alipolala, anawatukana na waliomlilia, na mtu haruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu mababu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kwenda pwani. Kwa hiyo Mnyamwezi akifa karibu yangu, huyo ni wangu.

Baba yangu hakutaka hata kuusikia utani. Alikuwa katekista huko milimani juu ya Kilosa, mtu mpole, anayependa nyumba iwe kimya. Mungu naye, sijui alikuwa anamtania, akampa mtoto mwenye mdomo kama mimi. Nilikuwa namwigiza kila mtu: mwalimu, mzungu wa misheni, mpaka mbuzi wa jirani. Baba akanichapa sana kwa ajili ya mdomo huo. "Binti yangu," alikuwa akiniambia, "huo mdomo utakuponza." Nikakua nikiamini nina ugonjwa, na kwamba mtu mwema ni yule anayejua kunyamaza. Nilijitahidi. Miaka mingi nilijitahidi kunyamaza.

Nikaolewa na mtu wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi korona, ile mashine ya kusaga mkonge, katika shamba moja la upande wa Rudewa. Alikuwa mtu wa maneno machache na uso mzito. Akinuna, hata kuku wanajua. Mimi niliingia kazi ya wanawake, kuanika singa. Unazipokea nyuzi zimelowa, unazitandaza kwenye waya juani, mikono inawasha hadi huwezi kukanda unga vizuri. Ile harufu ya maji ya mkonge yaliyooza mpaka leo ikinijia ndotoni naamka na kichefuchefu.

Jirani yetu kambini alikuwa mkata mkonge, Mnyamwezi. Aliwahi kuchomwa gotini na mwiba wa jani, akawa anatembea kwa kurusha mguu mmoja pembeni. Na majivuno, wee! Kila ukila naye atakwambia, "Kwetu Tabora asali inamwagika, sijui huku kwenu mnaishije." Mkewe ndiyo kinyume chake kabisa. Mwanamke yule alikuwa haongei. Ukimsalimia anaitika kwa macho. Tulianika singa bega kwa bega, na sidhani kama niliwahi kumsikia akisema maneno kumi kwa siku.

Ndipo ukaja mgomo. Watu walikuwa wamechoka na kipimo cha kazi kilichokuwa kikiongezwa kila mara huku posho ikibaki ile ile. Mashine zikazimwa. Mume wangu, mtu asiyependa kuongea, ndiye akawa mmoja wa wale waliokuwa mbele. Meneja naye akafunga ghala la posho. Siku zikaenda, unga ukaisha, tukala majani na maembe mabichi. Kambi nzima ikawa na hasira, na hasira ya njaa haichagui, inamrukia aliye karibu.

Jirani yetu akarudi kazini. Mkewe alikuwa kitandani na homa, jikoni hamna kitu, na waliokubali kurudi walipewa unga. Asubuhi moja kengele ilipolia tukamwona anapita na kisu chake cha kukatia mkonge, anarusha mguu, amejiinamia. Wanaume wakamzomea. Mume wangu hakuzomea, alitema mate tu. Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kwao hata kuomba moto.

Basi ile homa ikamwacha mke ikamshika mume. Haikukaa naye sana. Alfajiri moja nikasikia kilio kifupi ng'ambo ya ukuta, halafu kimya. Nikajua.

Jua lilipochomoza nilimkuta mkewe amekaa sakafuni kando ya mkeka, mikono mapajani. Hakuna aliyekuja. Nje, chini ya banda la kupumzikia, wanaume walikuwa wamekaa kama kawaida yao ya siku za mgomo, wamegeuza migongo. Ndugu za marehemu wa kwao Tabora waliokuwepo hawaruhusiwi kuchimba kaburi la ndugu yao, hiyo ni kazi ya watani, na watani wote walikuwa pale bandani. Nikawasikia wakisema, "Amlilie meneja wake." Wale waliorudi kazini waliogopa kutoka mashambani wasije wakafukuzwa. Joto la Kilosa mnalijua. Maiti haisubiri.

Nyapara akaja, akasimama mlangoni bila kuvua kofia. Akasema ofisi imeshaagiza toroli, lile la kubebea majani ya mkonge, lije saa za mchana limchukue. Wapi? Akaonyesha kwa kidevu kule kwenye jaa la mabaki ya korona, kwenye ule uchafu wa kijani. Akaondoka. Yule mwanamke akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema maneno yanayofuatana. "Mtani," akasema, "usiwaache wamtie kwenye toroli."

Nilirudi kwangu. Mume wangu alikuwa ameingia kunywa maji. Nikamwambia. Akasema, "Usiende. Ole wako nisikie umekwenda." Nikamuuliza, "Kwani mtu akifa bado yuko kazini?" Akatoka.

Nilikaa kidogo kitandani. Sitawadanganya, sikuhisi nguvu yoyote. Nilikuwa na njaa, nimechoshwa na mgomo, nimechoshwa na mume, mikono inawasha. Ila mdomo, ule ule aliouchapa baba, ulikuwa unanicheza.

Nikaenda. Nikajifunga gunia la kazi la marehemu kiunoni, nikavaa kofia yake ya ukindu, nikakamata kisu chake mkono mmoja na jembe mkono mwingine, nikatokea uwanjani narusha mguu. Narusha kama yeye, nakohoa kama yeye. "Kwetu Tabora asali inamwagika!" nikapaza sauti. "Huku kwenu hata kaburi mtu anaombaomba!"

Migongo ikageuka. Sikuwatazama. Nikachagua mahali karibu na mstari wa miti, nikaanza kuchimba. Mwanamke kushika jembe la kaburi wanaume wamekaa! Huku nachimba, maneno yanatoka tu, sikuyapanga. Nikamgeukia marehemu kule nyumbani kwake nikampigia kelele: "We mzee! Juzi kengele imelia ukatoka mbio na mguu wako wa upande, leo kengele imelia hata jicho hujafungua! Hongera, baba! Hatimaye umegoma!"

Halafu ndipo nikawatazama wale wa bandani. "Mwoneni huyu, ndiye anayejua kugoma! Ninyi mnasema mmegoma, harufu ya posho ikipita pua zinawacheza. Huyu hataki unga, hataki maji. Meneja aje mwenyewe, aje na polisi, aje na mbwa, haamki! Leo kawashinda wote, ndiyo maana mnamwonea wivu!"

Nikajisemea, sasa nimekwisha, mwanamke mimi. Kisha mmoja, tena yule aliyezomea kuliko wote, akatoa sauti puani kama mtu anayejizuia kupiga chafya. Akajizuia, akashindwa. Akaangua kicheko hadi akashika nguzo. Mwingine akamfuata. Wakacheka na njaa yao, mbavu nje, wengine machozi yanawatoka, sijui ya kicheko, sijui ya nini.

Mume wangu hakucheka. Akainuka, akaja na ule uso wake mzito, amevimbisha mashavu, akanipokonya jembe. "Toka hapo," akasema. "Unachimba kama kuku."

Wakaja wengine nyuma yake, mjane akiwatazama kutoka mlangoni kwake. Wengine wakaenda kumwosha. Toroli lilipofika mchana, lilikuta wanaume wote wa kambi wamesimama kuzunguka kaburi, likarudi tupu. Nami nikaingia ndani na bakuli la uji nilioupata kwa kuwatukana wake za waliorudi kazini, mlango kwa mlango, nikamsimamia yule mjane: "Kula. Usipokula navaa na nguo zako, nitembee nazo kambi nzima." Akala.

Mume wangu alininunia kwa muda mrefu. Lakini alichimba, na alichimba vizuri.

Mgomo uliisha watu walipochoka, wakaongezewa posho kidogo, na waliokuwa mbele wakafukuzwa. Tukafunga virago. Tukakaa Magomeni pale Kilosa kwa ndugu, mambo hayakwenda, mume wangu akapata kazi ya barabara, tukahamia Mikumi. Mikumi ya wakati huo, usiku tembo anakula mahindi yako nawe unamsikiliza. Na habari yangu ilikuwa imeshanitangulia. Kambi za barabara zilijaa watu wa mbali, na watu wa mbali wanakufa mbali. "Mama, kuna msiba." Naacha kulima, nakwenda. "Mama, kuna msiba." Naacha chungu motoni, nakwenda. Walio watani zangu na wasio watani zangu, sikuweza tena kusema hapana. Kama huo ndio wito, basi ni kitu kinachokuita bila kujali kama umekula.

Kuna jambo nililijua nimeshachelewa. Mtani hana ruhusa ya kulia. Mtu akilia na wewe ukalia, nani atachota maji? Nilizika watoto wa watu nikiigiza hatua zao za kwanza, mama zao wakacheka katikati ya kilio, nami nikarudi nyumbani na kilio changu kifuani, nikasonga ugali. Mwaka baada ya mwaka. Machozi nayo yakazoea kukaa.

Waingereza wakiwa bado hawajaondoka, mume wangu akafa. Alianguka barabarani na koleo mkononi, akaletwa amebebwa. Sasa nikawa mfiwa mimi. Nikakalishwa mkekani, nikafungwa kitambaa kichwani, wanawake wakanizunguka wakaangua kilio. Mimi macho makavu. Wakaniletea chakula, nikakisukuma pembeni. Nikaona wanavyotazamana: huyu mchekeshaji, kumbe hakumpenda mumewe? Nilimpenda, jamani. Nilitafuta kilio ndani yangu kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe, nikakikosa. Nikaogopa. Nikaona nimejimaliza kwa watu, hakikubaki hata cha mume wangu.

Kesho yake wanaume walikuwa nje wakichimba, nasikia majembe yakigonga mawe. Mara nikasikia wamenyamaza. Nikachungulia mlangoni.

Yule mjane wa Rudewa alikuwa amesimama uani, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Sijui nani alimpelekea habari usiku ule huko Rudewa. Mwanamke asiyeongea, Mnyamwezi, mtani wa mume wangu. Amechukua koti la kazi la marehemu lililokuwa limetundikwa ukutani, amelivaa, mikono inamfika magotini. Ameshika jembe. Hakujua kuigiza. Hajawahi maishani mwake.

Akavimbisha mashavu. Akakunja uso mzito, ule ule, wa mume wangu siku ile alipolichimba kaburi la mume wake huku amenuna. Akapiga jembe moja chini. Akapiga la pili. Akawageukia wanaume wa Mikumi, watu asiowajua hata mmoja, na kwa sauti ndogo inayokatikakatika akawaambia:

"Tokeni hapo. Mnachimba kama kuku."

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu hadi wanawake wakanishika, na katikati ya kicheko kile kilio kikanipasuka, cha mume wangu na cha wale wote niliowazika nikicheka. Nililia mpaka jua likageuka. Yeye akavua koti, akaingia, akaweka bakuli la uji mbele yangu, akasimama pale pale akinisubiri nile.