Isale Kwenye Baraza la Madiwani

Mama yangu aling'oa mibuni yake kwa mikono yake mwenyewe. Mtu wa huku mlimani akisikia hivyo anashika kichwa, maana kihamba hakigawiwi ovyo. Ni shamba la ukoo, ndimo walimolala baba na babu. Mama akatoa kipande cha kando ya barabara kijengwe zahanati. Sababu yake kijiji kizima kiliijua. Dada yangu alikata roho ndani ya pikapu, akishushwa Moshi kwenda kujifungua, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama. Tangu siku hiyo mama aliapa kwamba hakuna mwanamke mwingine wa nyumba yetu atakayezalia barabarani.

Tukaitana msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo huku huikwepi ukabaki na heshima. Wanaume walibeba mawe kutoka korongoni, wanawake tukasomba mchanga na maji. Mimi mwalimu mstaafu, mikono iliyozoea chaki, nilichubuka mpaka nikashindwa kushika kijiko. Kabla ya masika kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Makubaliano yalikuwa wazi: wananchi wapandishe boma, yaani kuta tupu, halmashauri iezeke na kumalizia.

Halmashauri haikuleta hata msumari.

Jamani, si kwamba fedha hazikuwepo. Zilikuwepo, zimekaa tu, zikisubiri baraza la madiwani lipitishe bajeti. Na baraza lilikuwa limegawanyika pande mbili. Upande mmoja uliongozwa na diwani wetu wa mlimani, wa pili na diwani wa kata moja ya tambarare. Walikuwa wamegombania uenyekiti, wakatukanana hadharani, na tangu hapo hakuna aliyekubali hoja ya mwenzake. Huyu akisema zahanati, yule anasema mfereji. Yule akisema mfereji, wafuasi wa huyu wanainuka na kutoka nje, akidi haitimii, kikao kinaahirishwa. Na posho? Posho walisaini! Chai na sambusa walikula! Nilishuhudia kwa macho yangu, nimekaa kwenye benchi la wananchi, nikiona watu wazima wenye suti wanafanyiana visa ambavyo ningewachapia watoto wa darasa la tatu. Masika mawili yalipita juu ya kuta zetu.

Mama alinisikiliza nikifoka siku moja, kisha akaniambia, "Hao si Wachagga?"

"Ni Wachagga, mama."

"Basi kesho kutwa unipeleke kwenye kikao chao."

Asubuhi hiyo alivaa kitenge chake cha kanisani, akakata majani mawili ya isale kwenye mpaka wa shamba. Isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka na makaburi. Ukimkosea mtu, ukampelekea jani lake lililofungwa fundo, hana ruhusa ya kukukatalia msamaha, hata kama umemwaga damu nyumbani kwake. Na mzee akiwaletea isale watu wawili wanaogombana, ugomvi umekwisha. Hakuna rufaa.

Tulipofika, walikuwa wameshaanza kurushiana maneno. Mlinzi alitaka kumzuia mama, mama akampita kama hakumwona. Yule wa tambarare ndiye aliyeona majani kwanza, akasimama haraka, "Shikamoo, bibi." Mama akaitika marahaba, akaweka jani moja mbele yake, la pili mbele ya diwani wetu, akasema, "Wanangu, naomba myamalize."

Hakusema zaidi. Hakutaja zahanati, hakutaja bati. Aliona aibu kulitaja jambo lake pamoja na isale, kwamba ataonekana anafanya biashara. Na mimi, msomi wa nyumba, nilikaa kimya nikiamini kwamba wakishapatana, zahanati itafuata yenyewe. Hilo ndilo kosa letu, na mpaka leo likinijia naona moto.

Maana walipatana kweli. Walikumbatiana mbele yetu, diwani wetu akafuta machozi, watu wakapiga makofi na simu zikapiga picha. Mwezi uliofuata bajeti ilipita kwa kauli moja. Nilikwenda kuisoma ilipobandikwa ubaoni. Kulikuwa na ziara ya mafunzo ya madiwani wote, mkoa wa mbali, siku kumi. Kulikuwa na gari jipya la mwenyekiti. Kulikuwa na ukarabati wa ukumbi ule ule waliokuwa wakigombania ndani yake. Zahanati yetu na mfereji wa tambarare viliandikwa pamoja, kwa upendo kabisa, kwamba vitaangaliwa mwaka ujao.

Loo, nilitukana! Nilitukana pale pale mbele ya ubao, mwanakwaya mzima. Kumbe walipokuwa wanagombana walikuwa wanazuiana tu kula. Sisi ndio tuliowafungulia mlango.

Nilipomweleza mama, hakulia. Alichukua jembe akaenda kwenye boma, akapanda migomba humo ndani, chumba baada ya chumba. Nikamwambia, "Mama, lile ni jengo la serikali." Akanijibu bila kuinuka, "Ardhi bado ni yangu. Serikali ikija na bati, nitang'oa."

Haikuja. Uliokuja ni uchaguzi. Wale wawili walizunguka kwenye jukwaa moja wakihubiri umoja, na wote wakarudi madarakani. Wiki ile ile mtoto wa kwanza wa marehemu dada yangu, anayefanya kazi Dar, alinipigia simu kwa furaha. Nina hisa chache za benki, nilizinunua kwa kiinua mgongo changu. "Mama mdogo, hisa zako zimepanda! Kabla ya uchaguzi soko lilikuwa na wasiwasi, sasa wawekezaji wameona siasa imetulia."

Soko lilikuwa na wasiwasi! Nilitaka kuirusha simu. Niliipokea nikiwa kwenye korido ya hospitali mjini, gauni langu limelowa damu. Usiku wa kuamkia siku hiyo wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Tulikodi gari, tukateremka nalo, na mtoto hakungoja. Alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, katikati ya njia, nikiwa nimeshika tochi ya simu kwa meno. Mtoto alikuwa mzima. Wifi alivuja damu mpaka midomo ikawa nyeupe, lakini Mungu alimwacha.

Wifi aliporudi nyumbani, mama alichukua panga akaenda kwenye boma. Alikata mkungu wa ndizi kutoka chumba kikubwa cha upande wa kulia, kile tulichokipima wenyewe kwa kamba ili kitanda cha kujifungulia kienee. Akapika mtori, supu nzito ya ndizi, kama apikiwavyo mzazi yeyote kwetu, akaupondaponda mpaka ukalainika. Wifi alikunywa bakuli mbili. Mama aliketi pembeni amempakata mjukuu, na tulipomkaribisha chakula alisema ndizi zile yeye hawezi kuzila.