Ndiyo Yangu kwa Madamu

Juzi ofisini kwetu Dar, bosi alimuuliza dada mmoja mgeni kazini, kwa Kiingereza, kama hajamaliza ripoti yake. Yule dada akajibu "yes", akimaanisha ndivyo, hajamaliza. Bosi akanyoosha mkono aipokee. Wenzangu wakacheka. Mimi nilirudi mezani kwangu, maana jibu kama hilo liliwahi kuniacha peke yangu Ifakara, nikiwa kidato cha kwanza.

Unajua ilivyo. Shule ya msingi tumesoma kila kitu kwa Kiswahili, halafu ghafla hata jiografia ni Kiingereza. Shuleni kwetu aliyekutwa akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Kwa hiyo tuliongea kidogo sana. Madamu wa Kiingereza, mama mmoja mrefu aliyetoka mikoa ya kaskazini, alikuwa mpole, lakini sheria hiyo aliishika. Mwenzetu alipofiwa na baba, madamu alimwendea akamwambia "I'm sorry", nasi tukabaki tunajiuliza amemkosea nini.

Siku ya kufunga shule, mwezi wa nne, mvua ilikuwa haikatiki. Sisi wa kidato cha kwanza hatukuruhusiwa kuondoka bila mzazi. Mama alikuwa atoke Lupiro, ng'ambo ya mto, na wakati ule watu walivuka kwa pantoni. Wenzangu walichukuliwa mmoja mmoja, magodoro yakikunjwa na kufungwa kwenye baiskeli, mpaka nikabaki mwenyewe barazani, nimekalia sanduku langu la bati. Alasiri madamu akapita na begi lake, anawahi treni. Akaniuliza, "Hasn't your mother come?"

Nikayapanga maneno kichwani. Mama yako hajaja? Ndiyo, hajaja. Nikasimama, nikasema, "Yes, madam."

Akatabasamu, akanishika bega, akaenda zake. Nilidhani anakwenda kunitafutia msaada. Nilimwangalia mpaka mwavuli wake ulipopotelea kwenye kona ya barabara ya Mlabani.

Aliyenikuta pale ni mlinzi, alipoingia zamu jioni. Alipiga simu ya mama, haikupatikana. Akaniambia mto umefurika na pantoni imesimamishwa, nivumilie. Mkewe akawa ananiletea wali na matembele, anasubiri nile, kisha anarudi kwa watoto wake. Nami nabaki bwenini na vitanda vitupu, mvua juu ya bati, na vyura wa majaruba ya mpunga wakipiga kelele mchana kutwa. Hapakuwa na mtu wa kunivisha kibao. Ningeweza kuongea Kiswahili nitakavyo, lakini niongee na nani? Nilianza kuamini kwamba mama amenisahau, na madamu pia.

Mama alifika maji yalipopungua, kanga imelowa, na hotipoti ya wali na kambale wa kukaanga. Sikumkimbilia. Nilimwamkia shikamoo kama mtoto wa jirani. Akaniangalia, akakaa kitandani kwangu.

"Nilikuwa kivukoni kila siku, mwanangu," akasema. "Naangalia upande huu, sina pa kupita."

Shule ilipofunguliwa, mlinzi alimweleza madamu yote. Akaniita ofisini, akafunga mlango, akasema "I'm sorry", nami nikashindwa kujua kama ananipa pole au ananiomba radhi. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu, kwa sababu hapo ndipo aliponisemesha Kiswahili kwa mara ya kwanza.

"Nisamehe, binti yangu. Ningekuuliza kwa Kiswahili, nisingeondoka."

Kisha akanifundisha, taratibu, kwamba sisi kwa Kiswahili tunamjibu aliyeuliza, tunamkubalia kuwa amesema kweli. Kiingereza kinatazama jambo lenyewe. Kama halijatokea, jibu ni "no", hata swali liulizwe vipi. Sijakosea tena.

Madamu alihamishwa mwaka uliofuata, na sijui aliko. Pantoni nayo haipo. Mto sasa una daraja, na kwenda Lupiro ni suala la kupanda bodaboda tu. Mama hakuwahi kulivuka. Mwaka jana nilikwenda kusafisha kaburi lake, nikamwomba dereva asimame kidogo katikati. Maji yalikuwa yanapita chini, kimya. Kule kwenye kivuko cha zamani, upande wa Lupiro, nilitafuta kwa macho mahali alipokuwa akisimama. Matete yameota mpaka majini.