Maili Kumi na Tisa za Verlin Stubblefield

Mwanamume anayeosha gari lisilotoka nje ana lake jambo. Kila Jumamosi Verlin Stubblefield alifungua banda la gari lililo ubavuni mwa nyumba yake, huko Lansing, Michigan, akavua turubai taratibu kama anayemfunua mgonjwa, akalipangusa gari kwa kitambaa laini kutoka boneti mpaka buti. Vumbi lingetoka wapi? Lakini alipangusa. Akimaliza aliingiza kichwa dirishani kutazama mita. Maili kumi na tisa. Jumamosi iliyopita kumi na tisa, mwaka juzi kumi na tisa. Hapo alirudishia turubai, akaingia ndani kunywa kahawa yake, moyo kwatu.

Lilikuwa Oldsmobile, tena si Oldsmobile hivi hivi. Lilikuwa mojawapo ya yale mia tano ya mwisho ya aina yake, rangi ya cheri iliyoiva hadi ikakaribia weusi, yaliyotolewa mwaka 2004 kabla wakubwa wa kampuni hawajalizika jina lenyewe. Na jina hilo lilikuwa na zaidi ya miaka mia moja. Bwana Olds aliyelianzisha alikaa nalo miaka saba tu, hawakupatana na wenzake, akaondoka kwenda kuanzisha jina jingine mji ule ule; hilo la pili likafa zamani, la kwanza likadunda. Mwaka 1976 Amerika nzima hapakuwa na gari lililonunuliwa zaidi kuliko Cutlass, aina moja ya Oldsmobile. Pale Lansing mtu alizaliwa kwa mshahara wa Oldsmobile, akaenda kufunga ndoa ndani ya Oldsmobile, na akifa waombolezaji wakamfuata na Oldsmobile zao, taa zikiwaka mchana.

Verlin alifika mjini humo mwaka 1965 kutoka Arkansas, na mkewe Nelda, na begi moja, na kikaango cha chuma. Kiwandani kwa Oldsmobile wakampa kazi ya kukaza nati za magurudumu, upande wa kulia. Alizikaza miaka thelathini na minne. Wewe uliyeendesha Cutlass miaka ile, kama gurudumu lako la kulia halikukukimbia barabarani, basi mshukuru Verlin; na kama hukumshukuru, mwenyewe alikukumbusha.

Hawakujaliwa mtoto. Nelda alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa damu yake aliyemhesabu, naye ni dada yake Opal, aliyebaki Arkansas. Opal alimzidi miaka kumi na mmoja. Mama yao alipokufa, Opal ndiye aliyemsuka Nelda nywele, akamchapa alipostahili, akauza ng'ombe wake apate kumnunulia gauni la harusi. Kwa hiyo kila Julai kiwanda kikifungwa kwa mapumziko, Verlin na Nelda walishika njia, maili mia saba kwenda. Walikwenda na Cutlass ya kijani, baadaye ya kahawia, baadaye Oldsmobile Eighty-Eight nyeupe pana kama sebule. Nelda alivua viatu akaweka miguu juu ya dashibodi, makombo ya sandwichi yakajaa kitini, na Verlin hakusema neno. Magari yale yalikuwa ya kupanda.

Wakifika, Opal alisimama barazani mikono kiunoni. "Haya, shemeji! Mwaka huu umetuletea chombo gani?" Na majirani wakaja kuchungulia, na Verlin akafungua boneti kama mchungaji anayefungua Biblia.

Kosa lilitendeka mwaka 2004. Ili alipate lile la cheri, Verlin aliiuza Eighty-Eight. Hapo nyumbani ikabaki pikapu moja kuukuu, iliyoinuka kama kitanda cha juu, na Nelda alikuwa na nyonga mbovu. Kuipanda hakuweza hata kwa kusukumwa.

"Sasa mimi kwa Opal nitakwendaje?" Nelda aliuliza siku ile ile gari lilipoingia bandani.

"Tutakwenda, mama. Ngoja kwanza."

"Tunangoja nini? Lina magurudumu manne, nimeyahesabu."

"Hili si la kukimbilia hivyo, Nelda. Hili ni la mwisho. Siku moja watu watalitafuta kwa tochi."

"Basi watamkuta bibi kizee ndani yake, amekufa kwa kungoja."

Verlin alicheka. Walikuwa hivyo, watu wa kutaniana, na hakujua kwamba huo haukuwa utani.

Kulikuwa na kile kifungua kinywa cha Alhamisi. Wastaafu wa kiwandani walikusanyika mkahawani, mayai na viazi vya kukaanga mbele yao, na wenye magari ya mwisho walishindana. Si kwa mwendo. Walishindana kwa kutokwenda. Aliyekuwa na maili chache ndiye mwanamume. Chester Bielak, mpaka rangi mstaafu, alikuwa wa pili kwa maili ishirini na tatu.

"Zile nne za ziada zilinitoka wapi?" Chester alilalamika. "Mke wangu! Nilikwenda kwa daktari wa meno, akalitoa akaenda kununua maziwa."

"Ukamfanyaje?"

"Nimfanye nini? Maziwa niliyanywa."

Wakacheka mpaka wakagonga meza. Verlin alirudi nyumbani siku hiyo akaficha ufunguo ndani ya kopo la misumari.

Na sababu hazikumwishia. Kiangazi cha kwanza alisema lazima lifike safi kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Gari lenyewe halina miezi mitatu! Kiangazi cha pili alisema barabara za Indiana zinachimbwa, kokoto zitachubua rangi. Cha tatu hakusema kitu, aliugua tu mgongo. Na miezi mingine yote ilikuwa ya chumvi. Huko kwao theluji ikianguka, malori hupita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, kuanzia Novemba hadi Aprili, na chumvi hiyo hula bati la gari kutoka chini kama mchwa. Anayelipenda gari lake halitoi kabla mvua kubwa ya masika haijaosha njia. Hilo Lansing analijua hata mtoto wa chekechea.

Opal akawa wa simu tu. Jumapili Nelda alikaa jikoni, simu imebanwa begani, wakimenya viazi pamoja, huyu Michigan na yule Arkansas. "Mwambie shemeji," Opal alisema mara moja kwa sauti iliyokwisha kukwaruza, "kama gari ni la kutazama, atutumie picha."

Februari ya mwaka 2007, siku ya Jumatatu, alipiga simu Garland, mtoto wa Opal. Mapafu. Daktari amesema aje anayetaka kuja.

Nelda aliweka simu chini. Hakulia. Alikwenda chumbani akatoka na begi.

"Twende, Verlin."

Verlin alitazama dirishani. Barabara ilikuwa nyeupe, si kwa theluji, bali kwa chumvi, kavu kama unga uliomwagika. "Ijumaa," alisema. "Redio imesema Ijumaa mvua kubwa. Ikishaosha tu, alfajiri ya Jumamosi tumeondoka. Nakuapia."

"Dada yangu anakufa."

"Kasema daktari gani? Madaktari walimwambia baba yangu wiki mbili, akaishi miaka sita. Siku tano, Nelda. Opal ni mgumu kuliko nati."

Nelda alimtazama muda mrefu. Verlin alikuja kuukumbuka sana mtazamo ule, maana haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayesoma kibao cha njia na kugundua amekuwa akielekea kwingine miaka mingi.

Wala hakubembeleza. Jumatano alimwita jirani yao, Dolores Quintana, mwenye kagari ka Kijapani ambako Verlin alikuwa hakaruhusu kuegeshwa mbele ya nyumba yake. Dolores akakaegesha pale pale, na honi juu.

"Mama Nelda, tikiti ya basi umeshika?"

"Ninayo, mwanangu. Nisaidie mguu huu."

Verlin alisimama mlangoni na soksi zake. "Nelda, basi! Siku tatu tu!"

"Kaa na gari lako, mume wangu," Nelda alisema akifunga mkanda. "Lisije likaona upweke."

Alhamisi Verlin alikwenda mkahawani kama kawaida. Walimuuliza Nelda yuko wapi, akasema ametangulia. Aliporudi simu ilikuwa inalia.

"Amekufa saa mbili asubuhi," Nelda alisema. Nyuma yake zilisikika sauti za watu na vyombo. "Mimi basi limenishusha saa nne. Garland amenipokea kofia mkononi, nikajua."

"Nelda..."

"Alikuwa akiniuliza tangu Jumanne. Kila gari likipita anauliza, ndio wao?"

Simu ikakatika, au ilikatwa.

Alivuta turubai kwa mkono mmoja, likaanguka sakafuni akalikanyaga. Kopo la misumari alilimwaga lote mezani kutafuta ufunguo. Alilitoa lile gari mchana huo huo, akalipeleka moja kwa moja juu ya chumvi, na chumvi ikapiga chini ya sakafu chwaa, chwaa, kama mchele unaopepetwa, na kila ilipopiga aliongeza mwendo. Alikuwa akisafiri kwa haraka kwenda mahali ambapo haraka haikuwa na kazi tena. Alilijua hilo, na hakuweza kupunguza. Mvua aliyokuwa akiingoja ilimkuta kusini mwa Illinois. Ilinyesha usiku kucha, mvua kubwa kweli kama redio ilivyosema, ikaosha kila kitu.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Baada ya dua wanawake waliingia kupakua chakula, na wanaume, kama walivyo wanaume, walilizunguka gari. Lilikuwa limejaa tope na michirizi myeupe, lakini walilitambua. Garland alipitisha kiganja juu ya boneti. Hakuwa na ubaya, alikuwa mtu anayetafuta la kusema siku ya kumzika mama yake.

"Baba mdogo, si ndiyo zile za mwisho kabisa hizi?"

"Ndiyo."

"Mama alitusimulia. Lina maili ngapi?"

Miaka mitatu Verlin alikuwa ameishi kwa ajili ya swali hilo. Alitazama viatu vyake. "Mia saba na arobaini."

Garland alianza kuhesabu kichwani. Ilionekana usoni, hesabu ikipanda ngazi moja moja mpaka ikafika juu. "Lakini hiyo ni... hiyo ni kutoka kwenu mpaka hapa tu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siku zote hizi lilikuwa..." Akaondoa kiganja juu ya boneti, akakifuta kwenye suruali, akaingia ndani. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana Verlin. Laiti wangemtukana, angepata pa kushika.

Nelda hakurudi naye. Alisema nyumba ya Opal ina vitu vya kupanga, nguo za kugawa, bustani isiyo na mtu. Akakaa Machi, akakaa Aprili, akakaa Mei. Jumapili Verlin alipiga simu na kumweleza habari za mtaani. Nelda akajibu vizuri, kama mtu anavyomjibu karani wa posta. Alhamisi Verlin aliacha kwenda mkahawani. Chester alipita kumwuliza kulikoni, akalikuta la cheri limeegeshwa nje kwenye jua, kinyesi cha ndege juu ya kioo, akaondoka bila kubisha hodi.

Juni Nelda alirudi kwa basi. Verlin alimngoja kituoni tangu asubuhi ingawa basi lilikuwa la alasiri. Alimshika mkono kushuka ngazi, akachukua begi, akamfungulia mlango wa lile gari. Ilikuwa mara ya kwanza Nelda kukaa ndani yake. Alikaa wima, mkoba magotini, kama abiria.

"Una njaa?" Verlin aliuliza. "Au nikupeleke ziwani, ukapate upepo? Ulikuwa ukipenda ziwa. Au tushike njia tu, Nelda, popote utakapo. Mafuta yamejaa. Niambie wapi."

Nelda alitazama mbele, kwenye kioo.

"Nipeleke nyumbani," alisema. "Nilikotaka kwenda hakuna mtu tena."

Verlin akawasha gari, wakaenda.