Kasha la Apolot na Rejeta Tatu

Ukifika Malaba na lori linalochemka, usipoteze muda kuuliza gereji. Uliza Christine Akiteng. Hata tanboi, utingo wa lori, aliyeanza kazi juzi, ambaye bado hajui kufunga turubai likatulia, atakunyooshea kidole: pale nyuma ya maegesho ya malori, penye pipa kubwa la maji na rejeta zilizopangwa ukutani.

Ni mama wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake na sauti ambayo haijawahi kufundishwa kunong'ona. Alizaliwa Moding, akaolewa Angurai, akafiwa na mumewe mapema. Badala ya kurudi kwa kaka zake kulima mihogo, akaja mpakani kumchotea maji fundi mmoja mzee aliyekuwa akilehemu rejeta. Miaka mitatu alichota maji. Wa nne akashika chuma cha kulehemu. Mzee alipostaafu, wateja hawakuona tofauti, isipokuwa kwamba kazi sasa ilikwisha siku ile ile iliyoahidiwa.

Ana utaratibu wake, na utaratibu huo haujadiliwi. Rejeta huzibwa midomo, hutiwa upepo, halafu huzamishwa ndani ya pipa. Panapotoka mapovu ndipo penye ugonjwa. Futi ya chuma haitaki hata kuiona. Hukata kijiti, akakilaza juu ya kitu anachopima, akakitia alama kwa ukucha, basi. Na shughuli yake huishia kwenye rejeta. Feni haimhusu. Kwenye lori feni imefungwa upande wa injini, na injini ina fundi wake, ambaye kwa kawaida hapatani na Christine.

Mwanzoni mwa mwaka, binti yake wa pekee, Apolot, alirudi nyumbani kutoka Nairobi na mabegi mawili na kompyuta moja iliyobebwa kwa heshima kubwa kuliko mabegi yote. Apolot huchora katuni. Alijifungia katika chumba cha pili, akawa anatoka kula na kucheka tu. Roselyn, jirani anayeuza chapati, alimwuliza Christine kwa upole wa kinafiki kama msichana bado anapumzika.

"Anafanya kazi," Christine alijibu, ingawa kusema kweli hata yeye hakuwa na hakika ni kazi ya aina gani.

Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba nyumba ilikuwa na mtu. Kwa miaka minane alikuwa amekula ugali wake peke yake, akiitazama redio kana kwamba ndiyo mgeni. Sasa kulikuwa na mtu wa kumlaumu chumvi ikizidi. Furaha hiyo hakuwahi kuitamka, lakini alianza kufunga kazi mapema na kununua nyama siku zisizo za nyama.

Shida ilikuwa kompyuta. Apolot alikuwa amepewa kazi na kampuni moja ya Nairobi, katuni za kuwafundisha watoto hesabu, na picha zikishachorwa lazima mashine "izipike" saa ishirini mfululizo bila kusimama. Mchana wa Malaba haukuruhusu. Mabati yakishika moto, ikifika saa saba, pap! Mashine inazima na mapishi yote yanaanza upya. Walijaribu feni ya mezani. Walijaribu kutundika gunia bichi dirishani, wazo la Christine hilo, na chumba kikanuka mbuzi aliyenyeshewa kwa siku mbili.

Jumatatu, wakila chakula cha jioni, Apolot alisema bila kumtazama mama yake.

"Mama, hawa watu wanataka kazi Ijumaa saa kumi. Nikishindwa, wamesema niende nikae kwa ofisi yao, huko kuko na AC na mashine zao. Kama si hivyo nakosa kazi kabisa. Jumapili nitapanda basi."

Christine aliendelea kupakua mboga.

"Hiyo kitu yako inachemka kwa nini? Haina maji?"

"Iko na maji, Mama. Lakini iko na rejeta moja tu, tena ndogo."

Mwiko ulisimama hewani. "Iko na nini?"

Apolot akaeleza. Ndani ya kasha la kompyuta mlikuwa na vipande viwili vinavyotoa joto jingi, na maji yanayozungushwa na pampu ndogo kati yao na rejeta iliyofungwa mbele. Ili mashine ihimili mchana, zingehitajika rejeta tatu. Mbili za ziada zingeweza kutoka Kampala kesho yake. Lakini kasha lilitengenezwa kubeba moja, na kasha kubwa lingechukua mwezi mzima kufika.

"Hiyo kasha ni ya nini?"

"Ya bati tu, Mama."

Christine aliangua kicheko hadi Roselyn akasikia upande wa pili. Miezi yote hiyo alikuwa akipita mlangoni kwa kunyata akiogopa mashine ya wasomi, kumbe ndani ni rejeta na bati!

Rejeta zilifika Jumanne jioni kwa boda kutoka Tororo. Jumatano asubuhi walitoa matumbo yote ya kompyuta, wakayapanga juu ya shuka safi kitandani, maana chembe moja ya chuma ingetosha kuyaua. Kisha ikabidi Apolot aende Busia kuchukua viungo vya mipira ya maji vilivyotumwa kwa basi.

"Mama, tafadhali ningoje nirudi ndio tukate."

"Enda tu, enda."

Hakungoja. Kungoja hakukuwa katika tabia yake, na heri tuseme ukweli, alitaka binti akirudi akute kazi imekwisha na apigwe na butwaa. Alikata kijiti chake, akapima rejeta, akapima paa la kasha, akapima sakafu. Zilitosha barabara. Grainda ya kukatia bati ikalia. Akatoboa paa, akatoboa sakafu, akapiga tupa kingo zote na kuzivisha ukanda wa mpira wa tyubu ili zisije zikakata mtu. Kiptoo, dereva kutoka Eldoret ambaye rejeta ya lori lake ilikuwa imelala pembeni ikisubiri zamu, alikuja kuchungulia.

"Mama, hii lori mbona ndogo hivi? Inabeba tani ngapi?"

"Inabeba mtoto wangu," Christine akamjibu. "Kaa chini, nitakufikia."

Apolot aliporudi saa nane, rejeta zote tatu zilikuwa zimekaa ndani ya kasha, zimekazwa. Christine alisimama kando yake kifua mbele. Msichana akainama, akatazama ndani kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama kitu kizuri.

"Mama, na feni zitakaa wapi?"

"Feni gani?"

"Kila rejeta inafungwa na feni zake mbili. Zinashikana nayo."

Akatoa feni moja kwenye boksi, nene kama vidole viwili, akaiweka chini ya rejeta ya paa. Ilishuka hadi pale pale ambapo sehemu kuu ya kompyuta ingekaa. Ya sakafuni nayo ikagonga mahali pa pampu. Nafasi haikuwepo. Na bati likishakatwa limekatwa.

Christine alikaa juu ya tairi. Uso ulimwaka. Miaka karibu thelathini alikuwa akipima rejeta kama kitu kinachojitegemea, akimwachia mwenzake habari ya feni, na hakuna lori lililowahi kumlaumu. Sasa alikuwa ameliharibu kasha la mtoto wake kwa haraka yake mwenyewe, na aliliona basi la Jumapili likiondoka.

"Nimekuharibia," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Si kitu, Mama," Apolot akajibu, kwa upole, kama mtu ambaye tayari amefika Nairobi. Upole huo ulimuuma Christine kuliko kama angetukanwa.

Kiptoo aliendelea kutafuna mahindi yake ya kuchoma. Christine akayatupa macho mbali asitazamwe usoni, na macho yakaangukia lori la Kiptoo, refu, lenye kofia yake ya kukinga upepo juu ya kichwa. Akalitazama. Akaligeukia kasha.

"Apolot. Feni lazima ikae ndani?"

"Si lazima. Bora upepo upite kwa rejeta."

"Basi itoke nje! Ya juu ikae juu ya paa, tuivalishe kofia. Ya chini ikae chini ya sakafu, tuinue kasha kwa miguu."

Apolot alifikiri, midomo ikihesabu. Kisha akainuka upesi kwenda kuleta rula yake.

Sasa walifanya kazi bega kwa bega. Christine alitoa kipande cha boneti ya buluu kwenye chuma chakavu, akakikunja, akakitoboa matundu kila upande ili upepo upate pa kutokea. Akakata vipande vinne vya paipu vikawa miguu. Lakini kabla ya kila mkato alisimama na kuuliza, "Na hii, kuna kitu kingine inabeba ambacho hujaniambia?" Kiptoo naye, kwa kuchoka kungoja, akajikuta ameshika kasha lisitikisike. Jioni walijaza maji safi ya betri, wakawasha pampu peke yake, wakatandaza karatasi ya shashi chini ya kila kiungo. Kimoja kilidondosha tone. Christine akakikaza robo mzunguko, na karatasi ya pili ikabaki kavu.

Kasha lililokuwa jeusi linalong'aa sasa lilikuwa na kofia ya buluu na miguu minne iliyotanuka.

"Inakaa kama kuku anatafuta pa kutaga," Apolot alisema, wakacheka wote watatu mpaka Kiptoo akapaliwa.

Alhamisi saa mbili asubuhi mapishi yakaanza. Ilipokaribia saa saba Christine aliacha rejeta ya Kiptoo ndani ya pipa na kuja chumbani akipangusa mikono. Mabati yalikuwa yakialika juu. Akaweka kiganja kwenye rejeta ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama afanyavyo kwa malori. Uvuguvugu ulikuwa sawa kote.

"Ngapi?"

"Digrii sitini na saba. Ikipita mia ndio huzima."

Saa nane, sabini. Saa tisa, sabini bado. Saa kumi jua likaanza kulegea, na Christine akagundua kwamba hajala wala hajaketi.

Ijumaa saa nne asubuhi kazi ilikuwa imetumwa. Mchana jibu likaja: katuni imewapendeza, kuna nyingine sita, na Apolot azifanyie popote anapotaka. Apolot alimsomea mama yake ujumbe wote. Kuhusu safari ya Jumapili hakusema neno, na Christine, ambaye huwafokea madereva wa magurudumu ishirini na mawili, aliogopa kuuliza.

Jumamosi alichomea rejeta mbili vibaya akazirudia. Jioni walipokuwa wakila, Apolot aliegemea ukuta wa nyuma, akaugonga kwa kidole.

"Mama, huu ukuta unaweza kutobolewa dirisha? Upande huu hakuna vumbi ya malori. Nataka meza yangu ikae hapa."

"Dirisha kubwa kiasi gani?"

"Kubwa. Nione ile mihogo ya huko nyuma nikifanya kazi."

Christine akasema ataleta mchanga na saruji Jumatatu. Kisha akatoka nje kama mtu aliyesahau kitu, akasimama nyuma ya nyumba, akaanza kucheka peke yake huku machozi yakimtoka.

"Wewe, kuna nini?" Roselyn akauliza kutoka kwenye jiko lake la chapati.

"Nimeambiwa nitoboe dirisha."

"Sasa dirisha ndiyo inakuchekesha hivyo?"

"Kubwa, Roselyn," Christine alisema, akijifuta uso kwa kiwiko. "Anataka kubwa."